Datsun, L 1:64

Kosa langu la kwanza lilikuwa kukataa kusema "kigari". Wakusanyaji wenzangu wa magari ya midoli watanielewa. Ukisema kigari, mama watoto anampa mtoto wa jirani akachezee mchangani, na jioni unarudishiwa hakina tairi. Ukisema gari, angalau anauliza kwanza. Kwa hiyo kwenye daftari langu, kwenye simu, hata kwenye maombi, mimi nina magari. Siku ninayoisimulia yalikuwa 64.

Namba hiyo niliisubiri kama watu wanavyosubiri Pasaka. Magari yangu mengi ni ya kipimo cha moja kwa sitini na nne, yaani sentimita 64 za gari ya kweli hapa zinakuwa sentimita 1. Sasa chukua Datsun 510, ambayo wazee wetu waliizoea zaidi kwa jina la 1600 SSS. Urefu wake ulikuwa mita 4 na kama sentimita 10 hivi. Gawanya kwa 64: unapata milimita 64. Sitini na nne juu ya sitini na nne! Mtu mwenye imani akifika hapo anaanza kusikia sauti. Mimi niliisikia ikisema kwamba nikifikisha magari 64 nitakuwa nimemiliki gari moja kamili, na hiyo ya 64 niitoe sadaka.

Mama watoto alinionya nisihesabu. Kwao vifaranga havihesabiwi, mwewe anasikia. Akaniongezea na 2 Samweli 24, Daudi alivyohesabu watu na kilichompata. Nikamwambia Daudi alihesabu watu, mimi nahesabu Mazda.

Gari ya 64 niliipata Karume, kwenye turubai la midoli ya mitumba, kwa buku moja. Datsun 510 ya chapa ya Hot Wheels, rangi imechubuka mpaka chuma kinacheka. Pale unakagua haraka kabla muuzaji hajaona macho yako yanavyong'aa. Iviringishe kwenye kiganja. Ikiyumba, ekseli imepinda. Tazama nguzo za paa, ndizo zinazovunjika kwanza ikikanyagwa. Igeuze tumbo: kuna herufi na namba zilizopigwa, herufi ni mwaka wa kutengenezwa, namba ni wiki. Na kama ni ya zamani sana, ya enzi za Dinky, midoli ya chuma ya Waingereza, za kabla ya Vita vya Pili, tafuta nyufa nyembamba. Bodi hizi ni zinki iliyochanganywa na aluminiamu kidogo; zinki ikiingiliwa na risasi kiwandani inaoza kutoka ndani, inavimba, inapasuka kama chapati ya juzi. Hiyo haina fundi wala mganga.

Yangu ilikuwa nzima. Usharikani kwetu baada ya ibada kunakuwa na mnada wa vitu waumini walivyoleta: kuku, mikungu ya ndizi, trei za mayai, mbuzi mara mojamoja. Nikasema Datsun itaingia mnadani ikiwa mpya kabisa.

Kuifungua si kazi ngumu ukiwa na subira. Chini kuna ripiti mbili zinazobana chasisi kwenye bodi. Unaanza kwa kugonga alama na senta panchi katikati ya kila kichwa, la sivyo biti inateleza na kuchora chasisi. Kisha drili kwa mwendo wa polepole, biti ya milimita 3. Kichwa cha ripiti kikitoka kama kapete juu ya biti, simama hapo hapo. Ukizidisha unaila nguzo ya ndani ya bodi, na skrubu baadaye haitakuwa na pa kushika. Ndani ya nguzo unatoboa tundu la milimita 1.6, unakata nyuzi kwa tapu ya M2, ya skrubu ya milimita 2, yenye tone la mafuta: nusu mzunguko mbele, robo nyuma, nusu mbele, robo nyuma. Wenye haraka huvunjia tapu humo humo, na tapu iliyovunjika haitoki hata kwa mfungo wa siku 40.

Mimi sikuivunja. Nikajisifu. Na hapo ndipo nilipokosea.

Baada ya kutenganisha unatakiwa utoe kila kipande cha plastiki, vioo, viti na usukani, ndipo bodi iingie kwenye dawa ya kutoa rangi. Vioo vya Datsun yangu vilikuwa vimekaza. Nikasema, asetoni hii nimeichukua saluni, wanawake wanajipaka kwenye kucha kila Jumamosi na vidole vipo, itafanya nini? Kucha si plastiki, bwana. Asetoni haina ugomvi na zinki, ila plastiki angavu ya vioo inailainisha kama jojo juani. Niliitumbukiza saa mbili usiku. Asubuhi rangi ilikuwa imetoka safi, na vioo vimegeuka ute, vimeshuka mpaka kwenye matundu ya milango kama makamasi ya mtoto. (Anayefikiria kutumia kostiki soda ya wapika sabuni, aache. Ile inaitafuna zinki na kuiacha nyeusi.)

Nikakwangua ute, nikasafisha kwa sabuni na mswaki, nikapiga praima, kwa sababu rangi ikiwekwa juu ya zinki tupu inabanduka kwa ukucha. Halafu nyekundu, mikono mitatu myembamba, kopo umbali wa sentimita 20, dakika 10 kati ya mkono na mkono. Mkono wa tatu niliupiga mvua imetoka kunyesha, na rangi ikapauka kama imepakwa unga. Hii Dar inatuumiza sana: kiyeyushi kikiruka haraka kinapoza uso wa chuma, unyevu wa hewa unatua juu yake, unanaswa ndani. Ilibidi nisugue kwa msasa laini na nirudie siku yenye jua. Nikaiwekea matairi ya mpira, nikaifunga kwa skrubu 2. Ikapendeza. Ilikosa vioo tu.

Jumapili nikaitia kwenye bahasha ya kaki, nikamkabidhi mhazini, na kwenye orodha ya mnada nikaandika kama ninavyoandika daftarini: "Datsun 510. L 1:64. Bodi chuma. Rangi mpya. Matairi mapya. Vioo hakuna. Haijawahi kuendeshwa. Skrubu 2." Kwenye daftari langu B ni boksi, yaani bado ipo kwenye pakiti yake. L ni lusi, imeshatolewa.

Mnadishaji wetu ni mzee wa kanisa, mwalimu mstaafu, ana sauti ya kuvusha meli Kigamboni. Alimaliza kuku, akamaliza ndizi, akainua karatasi, akaitazama, akaivua miwani na kuivaa tena.

"Wapendwa," akasema, "kuna gari."

Watu wote wakageuka kutazama maegesho.

"Datsun! Na mtoaji ameambatanisha na neno. Luka moja, sitini na nne."

Biblia zikafunguliwa. Mstari wenyewe ni ule wa Zakaria, aliyekuwa bubu kwa kutosadiki, kinywa chake kinafunguliwa na anaanza kumsifu Mungu. Mama mmoja wa kwaya akapiga kigelegele. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, trei ya mayai mikononi, na kinywa changu kimerudi ile sura kwenye mstari wa 20, ambapo Zakaria bado ni bubu.

(Nilipofika nyumbani niliangalia vipimo vingine. Vyote vimo Luka 1. Ile ya 1:18, magari makubwa ya kufungua milango, ni Zakaria akimuuliza malaika atajuaje neno hilo. Ya 1:24 ni Elisabeti anajificha miezi mitano, muda ule ule ninaoficha gari mpya juu ya kabati kabla mama watoto hajaiona. Na 1:43, kipimo kilichotoka kwenye treni za midoli za Uingereza, milimita 7 kwa kila futi, ni Elisabeti anashangaa kutembelewa na mama wa Bwana wake.)

"Rangi mpya!" mnadishaji akaendelea. "Matairi mapya! Vioo hakuna."

"Vioo tutapata kwa mafundi wa Gerezani!" fundi mmoja akadakia. "Laki tatu!"

"Haijawahi kuendeshwa!"

Hapo pakachafuka. Laki tano. Laki saba. "Skrubu mbili," mnadishaji akasoma, akasita. Fundi akawageukia wenzake akawafafanulia kwamba nyingine zimepotea, ni kawaida kwa gari ya kulala.

Ndipo akainuka mzee mmoja, mpima ardhi mstaafu, anayetembelea bakora. Akasema mwaka 1970 Edgar Herrmann alishinda Safari Rali kwa gari hiyo hiyo, na yeye akiwa kijana alijiapiza kuwa nayo. Milioni moja. Fundi akapanda. Mzee akapanda. Fundi akakaa chini kwenye milioni moja na laki tano, akijifuta jasho. Mzee akataja milioni moja na laki sita, nyundo ikagonga meza, watu wakasimama.

Niliinua mkono. Mchungaji alinipungia, akidhani nashukuru.

"Funguo," mzee akamwambia mhazini. Mhazini akampa bahasha ya kaki. Mzee akaipima kwenye kiganja, akasikia kitu cha chuma ndani, akatabasamu. "Funguo nzito. Vitu vya zamani hivi." Akaifungua.

Kwa muda kidogo kilichosikika ni mbuzi tu.

"Ni nani," mnadishaji akauliza kwa upole uliotisha, "mwenye Luka hii?"

Nikaeleza, trei bado mikononi. Kwamba 1:64 si sura wala mstari, ni kipimo. Mhazini, ambaye ni mhasibu na alishaandika risiti, akaona njia ya kutokea. Akabonyeza simu: milioni moja na laki sita gawanya kwa 64 ni shilingi 25,000 kamili. Mzee alipe hizo, yaishe.

"Hapana," mzee akasema. Kumbe mpima ardhi hastaafu. "Ramani ikiwa moja kwa 64, urefu unagawanya kwa 64. Eneo unagawanya kwa 64 mara 64, ni 4,096. Na hii si ramani, hii ina kimo. Sitini na nne mara 64 mara 64: 262,144." Akamnyang'anya mhazini simu. "Shilingi sita na senti kumi."

Akatoa sarafu ya hamsini, akaomba chenji.

Mimi nilisahau aibu kabisa, kwa sababu hesabu ile ilikuwa imenipiga mahali pengine. Kama ni hivyo, magari yangu 64 si gari moja. Kupata gari moja kamili nahitaji 262,144, na nikinunua moja kila wiki itanichukua zaidi ya miaka 5,000. Nilikuwa nimetoa sadaka ya shukrani kwa kitu ambacho sijapewa.

Ndipo kinywa changu kikafunguka. Nikamwambia mzee, basi tupime kwa kilo. Datsun ya kweli haikufika tani moja. Gawanya kwa 262,144: ndogo yake ingepaswa kuwa na uzito usiofika gramu 4. Hii ina 35. Ukiivimbisha hii iwe kubwa, utapata gari ya tani 9, uzito wa Fuso na mzigo wake. Na sababu ipo: bati la gari lina unene wa kama milimita moja, ukiligawa kwa 64 linakuwa jembamba kuliko karatasi ya Biblia yako hiyo mzee, na hakuna kiwanda kinachoweza kumimina zinki ikawa nyembamba kiasi hicho. Umepewa chuma mara tisa ya haki yako.

Mzee akanitazama kwa mara ya kwanza kama mtu. Akainama, akaweka Datsun juu ya ngazi ya mteremko ya viti vya magurudumu, akaiachia. Nasema hivi kwa fahari ya fundi: ilinyooka. Ilipita katikati ya miguu ya kwaya, haikuyumba kushoto wala kulia, ikaenda kusimama kwenye kwato la mbuzi.

"Ekseli nzuri," akasema, akahesabu shilingi 25,000.

Jogoo aliyefuata aliuzwa 28,000.

Nyumbani mama watoto alisimama mbele ya kabati, akapitisha kidole kwenye rafu moja baada ya nyingine, midomo ikimchezacheza. "Sitini na tatu," akasema. Mimi sikuhesabu, yeye ndiye aliyehesabu.

Sasa hivi natengeneza vioo. Unachukua plastiki angavu ya pakiti ya betri, unachonga umbo la vioo kwa mti laini, unaipasha plastiki juu ya mshumaa mpaka ianze kulegea, halafu unaikandamiza juu ya umbo kabla haijapoa. Nimeunguza vipande sita. Mshumaa ukiwa karibu sana plastiki inafanya moshi; ukiwa mbali inakunjamana. Mzee anapiga simu kila Jumamosi jioni.

"Bwana Yesu asifiwe."

"Amina, shikamoo mzee."

"Marahaba. Vioo?"