Mmemfunga mtu aliyekuwa anapona

Juzi kundi la WhatsApp la mtaa wetu lilijaa vikatuni vya kucheza muziki. Mwenyekiti alikuwa ametupa taarifa kwamba yule kijana aliyekutwa na mita ya maji ndani ya kiroba amekula miezi sita. "Safi sana." "Kidogo hiyo, wangempiga mvua tatu." "Akitoka atakuwa na adabu." Jamaa mmoja, ambaye mchango wake wa ulinzi shirikishi bado tunausubiri, akaandika kwamba tatizo la nchi hii ni upungufu wa magereza.

Nikaandika, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Ndiyo maana mnasoma hapa, maana kule ningeondolewa kwenye kundi kabla ya adhuhuri.

Kijana aliiba. Hilo sibishani nalo. Mwenye nyumba alikaa bila maji, na kurudishiwa mita si bure. Wala asije mtu kunieleza machungu ya kuibiwa: mimi mwenyewe nimeshaagana na vioo vya pembeni vya gari na sufuria kubwa la pilau la marehemu mama. Vioo nilishasahau. Sufuria lile nikilikumbuka naweza kuwa mtu mbaya.

Lakini aliyefungwa ni mtu wa dozi. Na mtaa mzima unajua.

Mnaoishi upande wetu wa Temeke mnawajua watu wa dozi. Wanatoka asubuhi, wengine kwa miguu, wanakwenda hospitali, wanapanga foleni, wanapewa methadoni, dawa ya kutuliza kiu ya heroini (unga, kwa lugha ya mtaani), ndani ya kikombe kidogo, wanakunywa mbele ya mhudumu, wanasemeshwa maneno mawili matatu ili ijulikane imepita kooni, wanarudi. Kesho tena. Jumapili tena. Sikukuu tena. Ni wachache waliotulia muda mrefu wanaoruhusiwa kuondoka na dozi ya nyumbani. Huyu kijana alikuwa amefanya hivyo karibu mwaka mzima. Mwili ulimrudi. Akawa anambebea mama yake ndoo ya unga wa vitumbua (unga wa mchele, kabla wajanja hamjaanza) na wanawake wa barazani wakaanza kumwitikia salamu. Mtaani kwetu, teja kuitikiwa salamu ni sawa na kupewa hati ya kiwanja.

Sasa sikilizeni kilichotokea, maana kwenye kundi hakuna aliyekisema.

Alikuwa na kesi ya zamani, ya simu, ya enzi za unga. Ikafika mwisho. Hakimu, kwa busara zake, hakumpeleka ndani. Akampa huduma kwa jamii: kufyeka na kufagia kwenye ofisi moja ya umma, bila malipo, mpaka saa zake ziishe. Tulishangilia. Hiyo ndiyo adhabu mbadala tunayoimbiwa kwenye semina kila mwaka. Ofisi ikamwambia afike saa moja na nusu asubuhi. Kliniki nayo inatoa dozi asubuhi. Akajieleza kwa msimamizi wake. Akajibiwa kuwa pale si kwa mama yake, akitaka kuchagua saa za kuja ataandikiwa barua irudi mahakamani.

Basi akachagua ufagio, kwa kuogopa jela. Siku ya kwanza bila dozi alivumilia. Siku ya tatu alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha mama yake anatetemeka kwenye jua la Dar es Salaam, kamasi zinamtoka, tumbo linamkata, anapiga miayo kama mtu ambaye hajalala wiki. Arosto, mateso ya mwili uliokosa dozi. Dawa ya arosto ipo maskani, ni unga uleule, inauzwa kwa kete, haiulizi kitambulisho wala saa. Kete inataka hela. Mita ya maji ina shaba. Hesabu mnaweza kuimalizia wenyewe.

Mahakama ilimpa adhabu nzuri. Hospitali ilimpa dawa nzuri. Moja ikamvuta huku, nyingine kule, mpaka akachanika, halafu tukashangilia kuchanika kwake.

Hiki ndicho kinachonipandisha presha. Sio kwamba hatuna kitu. Tungekuwa hatuna ningenyamaza, nikamlaumu Mungu na umaskini. Tunacho! Muhimbili walianza kutoa methadoni Februari 2011, mpango wa kwanza wa umma wa aina hiyo Afrika bara kusini mwa Sahara. Wakenya walianza hospitali ya Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014. Mwananyamala ikafuata, Temeke ikafuata, baadaye mikoani. Zanzibar wana yao Kidongo Chekundu. Upande wa sheria, Sheria ya Huduma kwa Jamii ni ya mwaka 2002. Inamruhusu hakimu kumbakiza nje mtu ambaye kosa lake halistahili zaidi ya miaka 3. Kifungo cha nje, kile cha kukaa chini ya afisa uangalizi, sheria yake ina mizizi tangu mkoloni, na inampa hakimu nafasi ya kuweka masharti anayoona yatamzuia mtu asirudie kosa. Masharti! Yaani hakimu anaweza kuandika: utahudhuria kliniki kila siku, na saa zako za kufagia zitaanza ukishatoka huko. Kalamu anayo. Karatasi anayo.

Kinachokosekana ni mtu wa mahakamani kunyanyua simu kumpigia mtu wa kliniki. Kabla ya kutoa adhabu ya aina hii huwa inaandaliwa ripoti ya mshtakiwa: anaishi wapi, ana familia, majirani wanamsemaje. Majirani! Wanatuuliza sisi, watu wa vikatuni vya kucheza muziki, tabia ya mgonjwa. Muuguzi aliyemwona kila asubuhi kwa karibu mwaka, anayejua siku aliyochelewa na siku aliyokuja analia, haulizwi. Na muuguzi naye, mteja wake akipotea, hana namna ya kujua kama amekufa, amehama, au yuko mahabusu kituo cha jirani anatapika kwenye ndoo.

Nimewahi kukaa foleni ya hospitali na mhudumu mmoja wa mambo haya, mama mtu mzima, akaniambia kitu ambacho hakijanitoka: "Mwanangu, mimi siwaogopi wanaochelewa. Nawaogopa waliotoka jela jana." Nikadhani anaogopa kuibiwa pochi. Hapana. Aliogopa watamfia. Mtu akikaa ndani bila unga na bila dozi, mwili unasahau. Akitoka, marafiki wanamkaribisha kwa kipimo kile kile alichokuwa anatumia zamani, na mwili uliosahau haukiwezi. Anasinzia, pumzi inapungua, basi. Watafiti waliwafuatilia watu zaidi ya 30,000 waliotoka magereza ya jimbo la Washington kule Marekani, wakachapisha matokeo 2007: ndani ya wiki mbili za kwanza uraiani, hatari ya kufa ilikuwa karibu mara 13 ya watu wengine wa jimbo hilo, na kufa kwa kuzidisha dawa ilikuwa mara 129. Mara mia moja ishirini na tisa. Wiki mbili. Kwa hiyo ule ujumbe wa "akitoka atakuwa na adabu" una ukweli wake. Maiti zina adabu sana.

Najua mtakachosema. Kwamba hao wa dozi nao wanachanganya, wanakunywa dozi asubuhi na jioni wanavuta bangi au wanameza vidonge. Kweli, wapo. Kwamba vijiwe vimehamia karibu na hospitali. Kweli, nimeviona, na akina mama wenye meza za matunda pale wana haki ya kulalamika. Kwamba mjomba wako alifungwa akatoka ameacha kabisa, sasa ni shemasi. Nampongeza mjomba. Nawauliza tu: kwa kila mjomba mmoja, ni wangapi wanaoingia na kutoka kwenye karandinga mpaka askari anawajua kwa majina ya utani?

Na nyumba za upataji nafuu, ambako mtu anakaa akijifunza kuacha dawa za kulevya, na ambazo sisi tunaziita sober, sizisemi vibaya. Zanzibar zimeokoa watu, na wanaoziendesha wengi ni waliopitia wenyewe, hawadanganyiki na machozi ya kuomba hela ya nauli. Ila familia inachangishwa kila mwezi, na mama muuza vitumbua hana mchango wa kila mwezi. Zipo pia zile ambazo tiba yake ni kufungiwa mlango na kukemewa pepo. Serikali izikague, tuendelee.

Watoto je? Hapa nitakuwa mfupi kwa sababu nikirefusha nitatukana. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema wazi kuwa mtoto hahukumiwi kifungo. Vizuri. Anapelekwa wapi basi? Shule ya maadilisho tunayoitegemea Bara ni Irambo, Mbeya. Mtoto wa Mbagala anapelekwa zaidi ya kilomita 800 kutoka kwa mama yake ili ajifunze kuishi vizuri na mama yake. Wakati huohuo Temeke hii hii, miaka ya 2010, ulianzishwa mpango wa kuwarekebisha watoto wakiwa majumbani kwao, na afisa ustawi anawafuata huko. Kitu kama hicho ndicho kilitakiwa kiwe kila wilaya. Badala yake tuliwaogopa Panya Road, yale magenge ya vijana waporaji, 2015, tukasahau, tukawaogopa tena 2022, tukapiga doria, wengine wakazikwa. Na kliniki za methadoni hazikutengenezwa kwa mtoto wa miaka 14 anayenusa gundi stendi. Huyo hana foleni yoyote ya kupanga.

Sasa niwageukie wakubwa. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini, Dar es Salaam na Iringa. Kamera, meza ndefu, pakiti zimepangwa kwa rangi. Kazi kubwa, sina utani, hongera zao. Ila sijawahi kuona meza ndefu ya kututangazia ni wangapi waliokuwa kwenye dozi Januari na bado wako kwenye dozi Desemba, na wangapi kati ya waliopotea wamepotelea rumande. Kilo tunazihesabu mpaka ya mwisho. Watu tunawakadiria.

Ureno, tangu 2001, mtu akikutwa na kiasi kidogo cha matumizi yake anapelekwa mbele ya jopo la watu watatu lililo chini ya wizara ya afya, sio mahakamani. Msiniambie sisi si Ureno. Najua sisi si Ureno. Hata mimi sisemi aliyeiba mita asipelekwe mahakamani. Aende, ahukumiwe, amlipe mwenye mita, afyeke majani mpaka mikono iote sugu. Ila afyeke akiwa amekunywa dawa yake.

Na kuna jambo linalonitia hofu kuliko vikatuni vya jirani zangu. Kliniki hizi zimelelewa kwa sehemu kubwa na fedha za wafadhili, Wamarekani wakiwemo, na zilianza hasa kwa hofu ya VVU kwenye sindano. Januari 2025 Washington walisimamisha misaada yao ya nje kwa amri moja iliyosainiwa siku moja. Yaani mgonjwa wa Temeke alilala usiku huo asubuhi yake ikiwa mikononi mwa kalamu ya mtu asiyejua Temeke iko bara gani. Magereza hayana mfadhili wa kujitoa. Hayo tunalipa sisi, kila siku, bila kuulizwa. Nchi nzima ina nafasi za wafungwa zisizofika 30,000, na zimewahi kufurika kupita kiasi hicho kwa miaka, huku sehemu kubwa ya waliomo ni mahabusu ambao kesi zao hazijaisha.

Ninachotaka ni kidogo mpaka naona aibu. Kwenye ile ripoti ya mshtakiwa uongezwe mstari mmoja: yuko kwenye tiba, wapi, saa ngapi. Afisa uangalizi akae kliniki asubuhi moja kwa wiki, awaone watu wake palepale kwenye foleni, badala ya kuwafuata kwa barua. Anayekamatwa akiwa na kadi ya kliniki, kituo cha polisi kiipigie kliniki siku hiyo hiyo. Na yule msimamizi wa ufagio aelezwe kwamba saa nne nayo ni saa, majani hayakimbii.

Halafu nauli. Kutoka kwetu hadi hospitali ni 600 kwenda na 600 kurudi. Shilingi 1,200 kwa siku, na kuna asubuhi mama anazo, kuna asubuhi vitumbua havikutoka. Nimeipigia hesabu: 36,000 kwa mwezi. Aliye na takwimu za chakula, maji, askari, dizeli ya karandinga na siku za hakimu kwa mfungwa mmoja wa miezi sita aziweke kwenye maoni hapo chini, tulinganishe. Mwenyekiti naye nimemtumia makala hii. Amesoma, tiki zimekuwa za bluu, hajajibu.