Kufuta kimakosa nako kuwe na gharama

Sheria mpya ya mitandao ya kijamii ikitoka popote duniani, mimi hukimbilia kifungu cha adhabu. Hotuba za mawaziri zote hufanana. Adhabu ndiyo inayoonyesha kampuni itafanya nini.

Nchini Ujerumani, sheria ya mwaka 2017 iliyataka majukwaa makubwa yaondoe maudhui yaliyo haramu waziwazi ndani ya saa 24 baada ya kulalamikiwa. Faini kwa kampuni iliyozembea ilifika hadi euro milioni 50. Nia ilikuwa njema, maana chuki na vitisho vilizidi. Ila ungekuwa wewe ndiye mkaguzi wa maudhui, ungefanyaje? Ukiliacha chapisho baya, mwajiri wako anaikaribia faini. Ukifuta kejeli tu, au habari ya kweli, hakuna atakayekudai hata senti. Utafuta. Ufaransa nayo ilipojaribu saa zake 24, Baraza la Katiba lilibatilisha kiini cha sheria hiyo Juni 2020, likiona kwamba ingezisukuma kampuni kufuta hata yaliyo halali.

Ndiyo maana naipendelea Sheria ya Huduma za Kidijitali ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika kikamilifu Februari 2024. Aliyefutiwa lazima aelezwe sababu. Anaweza kulalamika bila malipo, na mashine peke yake hairuhusiwi kuamua malalamiko yake. Asiporidhika, wapo wasuluhishi nje ya kampuni. Kampuni ikimnyima haki hizo, nayo ni kosa, na faini inaweza kufika asilimia 6 ya mapato yake ya mwaka duniani kote. Tatizo ni muda: chapisho la wiki ya uchaguzi likirudishwa baada ya kura kuhesabiwa, limerudi la nini?

Serikali zenyewe, zikikosea, nani anazitoza? Nigeria iliifungia Twitter Juni 2021, ikaifungulia Januari 2022. Mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, ilisema hatua hiyo ilikuwa kinyume cha sheria, lakini hukumu ilikuja Julai 2022, wakati watu walishakaa kimya miezi saba. Kwa maoni yangu, agizo lolote la serikali la kufuta au kufungia liwe la maandishi, litaje kifungu cha sheria, na lifike kwa jaji ndani ya muda uleule wanaopewa wenye majukwaa. Kama saa 24 zinaitosha kampuni, zimtoshe na waziri.