Ukikodi RV, fuata mto

Majira ya joto yakikaribia, Waswahili wa huku Minnesota, Marekani, huanza kupanga safari ya hifadhi ya taifa ya Yellowstone. Mazungumzo huwa ni yaleyale: RV, yaani gari lenye nyumba ndani yake, itakodiwa wapi, nani atalala kitanda cha juu, nyama itachomwa na nani. Suala la barabara linaachiwa simu. Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu, maana mimi kitu cha kwanza kuuliza ni milima iliyoko njiani. Nyama itajichoma.

Sababu ni gari lenyewe. RV ya kukodi, ile yenye kitanda juu ya kichwa cha dereva na jiko na choo nyuma, ikishajazwa watu, maji na mizigo inaweza kupita tani 6. Na katika majimbo mengi unakabidhiwa funguo kwa leseni ileile ya gari dogo. Mtu aliyeamka na Camry yake, mchana anashusha nyumba mlimani.

Aliyewahi kushuka mlima Kitonga kule Iringa nyuma ya lori lililotoka Tunduma anaijua harufu ya breki zilizoungua. Milima ya Marekani ina lami nzuri na vibao vingi, lakini uzito hausomi vibao. Mteremko wa asilimia 6, ambao ni wa kawaida kwenye barabara zao kuu za milimani, maana yake unashuka mita 60 kwa kila kilomita. Ukikanyaga breki muda wote, joto linapanda mpaka oili yake inachemka, na pedali inazama bila kushika kitu. Dawa wanaijua madereva wa malori: ingia gia nzito kabla hujaanza kushuka, injini ilizuie gari, breki iwe ya akiba. Ni dawa nzuri, ila inataka mazoea, na mimi sioni kwa nini mazoea hayo yaanzie kwenye likizo, watoto wakiwa nyuma.

Kwa hiyo nashauri ramani isomwe kama walivyoisoma wajenzi wa reli. Treni ni dhaifu mlimani. Mwinuko wa asilimia 2 tu kwake ni kazi kubwa. Wahandisi wa karne ya 19 walihangaika kutafuta njia ya taratibu, na mara nyingi waliikuta kandokando ya mto. Palipopita reli, RV itapita bila kuhema.

Safari ya kutoka Minneapolis ni mfano mzuri ajabu. Unashika barabara kuu ya I-94 kuelekea magharibi. Dakota Kaskazini inachosha, sikatai, ukiondoa yale makorongo yenye rangi karibu na Medora. Ukifika Glendive, Montana, unakutana na mto Yellowstone wenyewe, na kuanzia hapo unausindikiza karibu njia nzima: Miles City, Billings, kisha I-90 hadi Livingston, halafu barabara namba 89 kusini mpaka Gardiner, kwenye lango la kaskazini la hifadhi. Ndiyo njia waliyoifuata kampuni ya reli ya Northern Pacific, waliokamilisha reli yao mwaka 1883. Kutoka Glendive hadi Gardiner ni kama kilomita 630, na katika umbali wote huo unapanda takribani mita 1,000 tu. Wala huugusi mlima wa Bozeman, kwa sababu unachepuka Livingston kabla haujaanza.

Sasa fungua simu uone vishawishi. Ukiwa Billings, barabara namba 212 kupitia Red Lodge inaonekana kama njia ya mkato ya kuingia hifadhini. Hiyo ndiyo barabara ya milima ya Beartooth. Inapanda kutoka mita 1,700 hivi hadi 3,337, kona juu ya kona. Wanaopitia Dakota Kusini kuangalia vichwa vya marais pale Mount Rushmore nao hushawishika kukata milima ya Bighorn kwa namba 14A, yenye miteremko ya asilimia 10 na njia za dharura za kuokoa malori yaliyofeli breki. Ukiona mahali serikali imejenga njia za namna hiyo, umeshaambiwa. Zunguka kwa I-90 hadi Billings. Kama unatokea kusini, kuna namba 20 kati ya Shoshoni na Thermopolis, inayopenya korongo la Wind River: barabara ukingo huu, reli ng'ambo ya maji, na kuta za miamba zikipanda juu yako. Wanaosema tambarare haina mandhari hawajapita pale.

Hata mji wa Jackson, kusini mwa hifadhi, unafikika hivyohivyo. Kutoka Idaho watu hukimbilia Teton Pass, barabara inayokata mlima, asilimia 10 tena. Juni 2024 kipande cha barabara ile kilimomonyoka chote, na kwa wiki kadhaa kila mtu alilazimika kuzunguka kupitia Swan Valley na Alpine, kando ya mto Snake. Mwenye RV angepita huko hata barabara isingekatika.

Mto nao una visa vyake. Juni 2022 mafuriko yaliing'oa barabara kati ya Gardiner na Mammoth iliyoko ndani ya hifadhi, ikabidi hifadhi ipanue njia ya zamani iliyoko juu zaidi. Livingston ina upepo wa kupindua magari marefu. Siku ukizidi, magari hayo hutolewa kwenye I-90 na kupitishwa mjini. Ukikuta hivyo, egesha unywe chai. Na ndani ya Yellowstone kwenyewe hakuna ujanja wa kukwepa vilima, ila mwendo huko ni mdogo na sehemu za kusimama ni nyingi.

Najua kwenye kundi hamkosi mtu atakayesema hakuvuka nusu ya Marekani ili akae bondeni. Ana haki yake. Mkodieni gari dogo Billings, RV ibaki kambini, apande Beartooth asubuhi na kurudi mchana na picha zake. Barabara hiyo hufunguliwa kwa kawaida mwishoni mwa Mei na kufungwa katikati ya Oktoba. Abebe sweta, kule juu theluji huanguka hata Julai.