Wadaiwa Wamekuwa Wadai

Naona dada wa mapokezi keshamwaga mtama penye kuku wengi, kawasimulia siku niliyojaribu mfumo mpya wa ofisi mbele ya bosi, na kwa hadithi yake eti nililia. Sikulia. Kiyoyozi kilikuwa kinanipiga machoni. Basi ngoja na mimi niseme, kidonda kingali kibichi.

Tunauza saruji na mabati kwa jumla. Tulikuwa tunahama kutoka mfumo wa uhasibu wa enzi hizo, ule usiofunguka mpaka kompyuta ipigwe kofi, kwenda mfumo mpya unaobeba kila kitu: stoo, mauzo, mishahara, hadi meseji za kuwakumbusha wateja madeni. Kuhamisha data nikapewa mimi, kwa sababu kwenye kikao nilisema, "Si kunakili na kubandika tu?" (Mlioko maofisini, mdomo huponza kichwa.)

Usiku wa Alhamisi nilipigana na Excel. Ilikuwa inameza sifuri ya mbele kwenye namba za simu, 0754 inabaki 754. Nikazirudisha zote, wateja 412, nikalala mshindi. Madeni sikuyagusa. Namba ni namba.

Sasa Ijumaa. Chumba cha mikutano, bosi mezani, sambusa katikati. Nikaenda kwenye meseji "za majaribio", nisijue kwamba fundi alishaunganisha laini halisi. Dirisha likauliza: Una uhakika? Nikacheka kidogo ili bosi aone ninavyojiamini. Nikabonyeza Ndiyo.

Kimya.

Simu ya kwanza kulia ilikuwa ya bosi mwenyewe. Kumbe naye alikopa mabati ya nyumba yake, na hakuna aliyejua. Akavaa miwani. Akasoma taratibu, neno kwa neno, chumba kizima kinasikia: "Ndugu mteja, una akiba ya Sh 2,600,000 kwetu. Karibu ofisini." Akanitazama juu ya miwani.

"Kumbe nina hela?"

Sambusa ikaninasa kooni. Mfumo wa zamani uliandika deni kwa alama ya kutoa. Kwa huu mpya, alama ya kutoa ni fedha ya mteja tunayomshikia. Kila tunayemdai alikuwa anaambiwa anatudai. Na hesabu kwenye skrini inapanda: 37... 58... 112... Nikaruka nikachomoa waya. Jamani, ulikuwa waya wa chaji. Kompyuta ikapunguza mwanga kidogo, kama inanipa pole ya msiba, ikaendelea: 240... 241...

Kinachoniuma zaidi ni zile sifuri. Ningeziacha zilivyomezwa, hakuna meseji ambayo ingefika. Kazi pekee niliyoifanya vizuri ndiyo iliyonizika.

Mengine mnayajua. Saa nane foleni iko getini, tukatuma meseji ya kuomba radhi, wengine wakajibu wanaitambua ile ya kwanza tu, alama zikageuzwa, barua ya kujieleza nikaandika kurasa 2.

Amebaki mzee mmoja wa Mbagala. Meseji yake kaichapisha stesheneri, kaitia na plastiki, anatembea nayo kama cheti cha kuzaliwa. Leo kapiga simu tena, anamtaka mhusika. Nimemjibu mwenyewe, kwa sauti nzito, kwamba mhusika amesafiri.

Dada wa mapokezi, ukimaliza kusambaza na hii: niko Dodoma.