Amy alichoma daftari, sawa. Na barafu je?

Kila Little Women, riwaya ya Louisa May Alcott kuhusu dada wanne, inapotajwa, hazipiti dakika mbili kabla mtu hajaleta ile kesi ya moto: Amy, mdogo wao, kachoma daftari la hadithi za dada yake Jo. Amy shetani. Amy kadekezwa kwa kuwa kitinda mimba. Amy mwizi wa bwana wa dada yake. Nimechoka. Watu wanasoma sura ya 8 hadi nusu, wanafunga kitabu, wanatoa hukumu.

Haya, tuifungue upya. Meg na Jo, dada zake wakubwa, wanakwenda kutazama mchezo wa kuigiza kwa mwaliko wa Laurie, kijana jirani yao. Amy, miaka 12, anaomba waende naye, na yuko tayari hata kujilipia. Meg anaanza kulegea. Jo ndiye anayekaza, tena kwa maneno makali: hukualikwa, usituharibie raha. Mtoto anaachwa nyumbani analia, na daftari la Jo linaishia motoni.

Zilikuwa hadithi chache tu, kama sita, lakini Jo alizihangaikia miaka kadhaa. Alikuwa ndiyo kwanza amezinakili kwa mwandiko safi na kuziharibu karatasi za zamani, kwa hiyo nakala ya pili haikuwepo. Ni ukatili, nakubali kwa shingo upande. Amy alijua anachoma nini. Lakini pia aliomba msamaha, na Jo akamwambia hatamsamehe maisha yake yote.

Sasa twendeni mtoni, mahali ambapo mahakimu wetu hawafiki. Jo na Laurie wanakwenda kuteleza kwenye barafu, Amy anawafuata nyuma ili wapatane. Laurie yuko mbele, ameikagua barafu. Anapaza sauti: shikeni kandokando, katikati si salama. Jo anasikia. Amy bado anahangaika kusimama na viatu vyake vya kutelezea, hajapata hata neno. Jo anageuza shingo, anamwona mdogo wake, na moyoni anasema basi ajitunze mwenyewe. Anaendelea na safari! Amy anakata katikati, barafu inapasuka, anazama. Jo anakauka pale pale, sauti haitoki. Laurie ndiye anayelala kifudifudi na kumshikilia mtoto kwa mkono na gongo la hoki, huku akimwamuru Jo akang'oe mti wa uzio wa kumwopolea.

Daftari kwa roho ya mtu. Pimeni wenyewe.

Na mwandishi hakujificha. Sura hiyo inaitwa Jo akutana na Apolioni, yule yule malaika wa kuzimu wa kitabu cha Ufunuo, aliyepitia kwenye Safari ya Msafiri, hadithi ya Bunyan ambayo mabinti hawa walikuwa wakiiigiza utotoni. Apolioni wa Jo ni hasira yake mwenyewe. Ndiyo maana usiku ule mama yao anamkalisha na kumwambia jambo ambalo sidhani mzazi wa kitabu cha wasichana mwaka 1868 alitarajiwa kulisema: kwamba yeye naye hukasirika karibu kila siku ya maisha yake, na kwa miaka 40 ameshindwa kuiponya hasira hiyo, ameweza kuitia hatamu tu. Ukimfanya Amy kuwa mkosaji pekee, mazungumzo haya hayana kazi, na kwangu mimi ndiyo moyo wa kitabu.

Kuhusu "wizi", yaani Amy kuolewa na Laurie: Jo alikuwa amemkataa Laurie waziwazi, sura ya 35. Hakuna aliyeibiwa. Na safari ya Ulaya, aliyokwenda Amy badala ya Jo? Jo aliwaambia shangazi zake kwamba hapendi fadhila za watu, na kwamba Kifaransa hajui hata neno. Walitaka msichana wa kusafiri naye, wakamchukua aliyejibu kwa adabu.

Kabla hujanibishia, hesabu sura za nakala yako. Zinatakiwa 47. Ikiishia 23, una sehemu ya kwanza peke yake. Huko Uingereza sehemu ya pili iliuzwa peke yake kwa jina la Good Wives, na Amy mtu mzima yuko huko. Angalia pia mama anavyoingia sura ya 1: akiwa mnene, una maneno ya mwanzo, akiwa mrefu, una toleo lililopigwa pasi mwaka 1880.

Nyuma ya Amy yupo May, mdogo wa Louisa kweli. Picha za sehemu ya kwanza alizichora yeye, na wahakiki wakazisema vibaya. Akaenda Ulaya kujifunza zaidi, fedha za vitabu vya dada yake zikimsaidia, na mwaka 1877 mchoro wake ukapokelewa kwenye maonyesho ya Salon, Paris. Alifariki Desemba 1879, wiki chache baada ya kujifungua. Mtoto alikuwa amepewa jina la Louisa, wakimwita Lulu, na mama mtu alitaka akalelewe na dada yake. Akavushwa bahari hadi Marekani, na Louisa, ambaye hakuwahi kuolewa, akamlea mpaka alipofariki mwenyewe mwaka 1888.