Sijakunja Uso, Ndivyo Ulivyo

"Mzee, legeza uso."

Nimeulegeza.

"Kidogo tu, mzee wangu. Usikunje."

Jamani, mimi nimekaa kwenye kigoda cha mpiga picha, mgongo umenyooka, mdomo nimeufunga kama picha za pasipoti zinavyotaka, maana siku hizi hata kutabasamu hawataki, nawaza mambo mazuri matupu, na kijana mwenye ndevu tatu kidevuni ananiambia nisikunje uso. Akapiga ya kwanza. Akaitazama, akaguna. Akapiga ya pili. Akaja kuniinua kidevu kwa vidole viwili, akarudi nyuma, akanikagua kama fundi anayekagua ukuta uliopinda, halafu akasema kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyonimaliza: "Basi mzee, tuiache hivyohivyo. Ndivyo ulivyo."

Ndivyo nilivyo! Miaka 43 na nimeshafika kwenye kuachwa hivyohivyo.

Nikaenda na ile picha nyumbani nikaisoma vizuri. Katikati ya nyusi kuna mistari miwili imesimama wima kama namba kumi na moja. Ndita. Na wala sijazikunja mimi. Zimejikunja zenyewe, zikahamia, zikajenga. Yule bwana wa kwenye picha ningekutana naye usiku kichochoroni ningempa simu kabla hajaiomba.

Sasa naomba nisieleweke vibaya. Mimi si mtu wa sura. Ujana ni moshi, ukienda haurudi. Methali hiyo nimeshawapa watu wengi bure, nao wakaniona mtu mwenye hekima. Lakini pasipoti yenyewe ni ya miaka 10. Miaka 10 yote, kila ofisa wa mpakani atafungua kile kijitabu, atanitazama, atatazama picha, na atajiuliza huyu anakuja kumpiga nani.

Usiku nikajipiga selfi ili nihakikishe. Nilikosea sana. Ndita ziko palepale, na pua nayo imejitokeza kudai haki zake. (Ya pua nilikuja kuyasoma baadaye. Kuna watafiti walipiga hesabu zao 2018 wakakuta picha ikipigwa sentimita 30 kutoka usoni, pua inaonekana pana kwa karibu asilimia 30 kuliko ikipigwa kwa mita moja na nusu. Kwa hiyo pua nimeisamehe.)

Kazini nikamgusia mwenzangu mmoja, kwa mbali, kama ninayemuulizia mtu mwingine. Yeye hupaka nywele rangi nyeusi, na paji la uso nalo hupata mgao wake. Akaniambia uzee ni heshima. Mwingine akanisifia krimu anayotumia shemeji yake. Huyo shemeji nimeshamwona: uso rangi yake, masikio rangi yake, vifundo vya vidole vimebaki na rangi aliyozaliwa nayo. Nikashukuru nikapita.

Ndipo nikaenda kliniki, ile wanayochoma sindano ya kulegeza makunyanzi, botoksi. Kuulizia tu. Mtu anaweza kuulizia.

"Karibu sana, kaka."

Kaka! Nusura nigeuke nyuma nione nani mwingine kaingia. Siku hiyo nilikuwa nimeshaitwa mzee na kondakta, mzee na mlinzi wa getini, na mzee na mtu mwenye mvi kuliko mimi. Kwa hilo neno moja pale mapokezi ningetia saini karatasi yoyote. Nao wanalijua hilo.

Wakanipa fomu. Nikainyoosha mbali kwa urefu wote wa mkono, nikaivuta karibu, nikaipeleka tena mbali, mpaka yule binti wa mapokezi akaniuliza kama nina joto, aniwashie feni. Fomu inauliza: una ugonjwa wowote wa misuli? Unatumia dawa za kuzuia damu kuganda? Una ujauzito? Hilo la mwisho nililijibu kwa uhakika ambao sijawahi kuwa nao kwenye fomu nyingine yoyote. Halafu: unatarajia nini kutokana na matibabu haya? Nikaandika "kulegea". Nikafuta. Nikaandika "nionekane nilivyo". Nikafuta. Nikapaacha wazi.

Daktari mwenyewe ni binti, ngozi inang'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa. Umri wake sikuweza kuukisia, maana uso wake kuanzia machoni kwenda juu hauna habari na uso wake kuanzia machoni kushuka chini. Anacheka mdomo peke yake. Nilimweleza yaliyonikuta kwa mpiga picha, akasema "pole sana", na paji likabaki vilevile kama meza.

"Kaka, naomba ukunje uso."

Nikakunja.

"Kunja kabisa."

"Nimekunja, dokta."

"Ahaa. Sasa legeza."

Nikalegeza. Akasubiri. Nami nikasubiri.

"Legeza, kaka."

"Dokta, mimi nimelegeza tangu juzi."

Akaandika kitu. Mtu akikutazama usoni kisha akaandika kitu, roho inashuka mpaka kwenye soksi. Akanieleza kwamba kuna makunyanzi ya mwendo, yale yanayokuja ukicheka au ukinuna kisha yanaondoka, na kuna yale yaliyokaa, ambayo hata ukilala usingizi yapo. Yangu yamefika katikati ya safari: hayajakaa kabisa, lakini yameshashusha mizigo. Akanipa kioo cha mkononi, kile kinachokuza. Kumbe nilikuwa naishi na mtu nisiyemjua. Vinyweleo vipana kama mashimo ya chandarua, mistari inayogawanyika kama mito inayokaribia bahari. Nikamrudishia kioo chake kwa heshima.

Akachukua penseli nyeupe. "Nikuonyeshe tunapochoma," akasema, na kabla sijauliza bei akanitia nukta tano: moja katikati juu ya pua, mbili kulia, mbili kushoto. Baridi kidogo. Nikakaa na nukta zangu kama ramani ya vituo vya basi.

"Kwenye sindano kuna nini?"

Angeweza kuniambia dawa. Sijui kwa nini watu siku hizi wanasema ukweli. Akaniambia ni protini inayotengenezwa na bakteria, wale wale ambao wakizaliana kwenye chakula kilichohifadhiwa vibaya humpoozesha mtu mpaka pumzi ikakata. Ni sumu miongoni mwa sumu kali kuliko zote zinazojulikana, ila hapa huwekwa kidogo mno, inazuia neva isiupe msuli amri ya kujikunja. Yaani bongo inaagiza, msuli hausikii. Nikamwambia hali hiyo nyumbani kwangu ipo tayari, na haikuhitaji sindano. Mdomo wake ukacheka.

Usiku ule niliisoma habari nzima, simu nimeinyoosha mbali. Jina lenyewe la botoksi linatokana na neno la Kilatini la soseji, botulus, maana Ujerumani ya zamani watu walikuwa wanakufa kwa soseji mbovu, na daktari mmoja, Justinus Kerner, mwanzoni mwa karne ya 19 akaichunguza ile sumu mpaka akajijaribia mwenyewe. Miaka mingi baadaye Alan Scott kule San Francisco akaitumia kunyoosha makengeza. Marekani wakaipitisha kwa tiba ya macho 1989. Mjini Vancouver, daktari wa macho Jean Carruthers akawa anaitumia kwa watu ambao kope zinajifunga zenyewe, na mgonjwa mmoja akalalamika kwamba mbona leo hujanichoma hapa kwenye nyusi, maana ukinichoma hapo uso unatulia. Bi Carruthers akamwambia mumewe, naye daktari wa ngozi, na unajua mtu wa kwanza waliyemjaribia ndita? Mhudumu wao wa mapokezi. Kwa ndita zenyewe Marekani waliruhusu 2002. Tangu nilisome hilo namwelewa kidogo yule binti wa mapokezi, kila anayeingia ni kaka.

Turudi chumbani. Nikauliza madhara. Akasema kichwa kuuma, michubuko, na mara chache dawa hutambaa ikagusa msuli wa kope, jicho moja likashuka kwa wiki kadhaa. Hapo nikamwomba arudie. Wiki kadhaa jicho moja limeshuka! Nina mama mkwe mimi. Nina majirani. Mtu wa umri wangu awakonyeze watu wiki kadhaa mfululizo, kisha awaeleze kwamba ni soseji?

"Na inadumu muda gani?"

"Miezi mitatu hadi minne, kaka."

Nikapiga hesabu kimyakimya. Pasipoti miaka 10. Ikishika miezi minne minne, sindano mara 30. Ikishika mitatu, mara 40. Ili nifanane na picha.

Ndipo akataja bei, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa taarifa ya msiba kwa simu. Siitaji hapa. Nasema tu kwamba nilijaribu kushtuka na nikagundua uso wangu ulikuwa tayari kwenye mkao wa kushtuka, kwa hiyo hakuna aliyejua.

Na hapa niwaambie ukweli, maana nimechoka kujifanya. Mimi sitaki kurudi ujana. Ujana wangu nilikuwa nao na sikuona kitu cha maana. Tatizo langu ni kwamba mtoto wangu wa mwisho kila jioni nikifungua mlango ananitazama usoni kwanza kabla hajanijia. Anauliza, "Baba, umekasirika?" Sijakasirika! Nimetoka kazini, nimefika kwangu, nimefurahi, ndiyo hii furaha yenyewe! Nikimwambia sijakasirika, sauti inatoka kama ya mtu aliyekasirika kuulizwa. Kikaoni nikikaa kimya wanasema napinga. Nikipokea zawadi wanaomba radhi. Miaka yote nanuna kwa ajili ya mambo ya watu, bili, foleni, mabosi, halafu risiti inabandikwa usoni kwangu!

Nikamwambia dokta hayo hayo. Akaweka kalamu chini. Akasema, kama ni hivyo, sindano ingesaidia kweli, lakini kama nasita nisiharakishe, hakuna anayekufa kwa ndita. Nianze na ya kawaida. Krimu ya kukinga jua kila asubuhi, ile namba ya SPF kwenye chupa iwe 30 kwenda juu. Usiku dawa za jamii ya retinoidi, zilizoanza kama dawa ya chunusi, nivumilie miezi kadhaa na ngozi kubanduka kidogo mwanzoni. Ngozi nyeusi, akasema, inachelewa kupata makunyanzi lakini haisahau kosa: ukiichubua ovyo au ukiipiga leza isiyoifaa inakuwekea doa. Akanionyesha picha ya dereva mmoja wa lori, ilichapishwa 2012 kwenye jarida la madaktari, aliyeendesha miaka 28. Upande wa uso ulioelekea dirishani umekunjamana kama suruali iliyolaliwa, upande wa pili mtu mwingine kabisa, mdogo wake. Kumbe kioo kinapitisha miale ya aina fulani ya jua, hiyo ndiyo inayozeesha.

"Na kapime macho," akamalizia. "Unakunja ndita kwa sababu huoni."

Nikajidai sikusikia hilo. Nikasema nitashauriana na mama watoto, neno ambalo wanaume tunalitunza kwa kazi hiyo. Pale mapokezi nikawaambia nitarudi. Binti akatabasamu, akafunga daftari.

"Haya, asante mzee."

Kwenye basi nilikataa kiti cha dirishani. Nikasimama mita chache na jua, nimejishikilia kwenye bomba, na nikaona watu wananitazama kwa namna ambayo sijawahi kutazamwa. Si hofu, si dharau. Dada mmoja alimvuta mtoto wake karibu. Kijana mmoja akanipisha bila kuambiwa. Kondakta hakuniita mzee, aliniita "mkuu", na chenji akanipa yote bila ugomvi. Nikajisemea, kumbe kuna heshima mtu anatoka nayo kliniki hata bila kuchomwa.

Mama watoto alinifungulia mlango. Akanitazama. Akaniuliza taratibu sana kama nimejiunga na dini gani.

Nukta tano, jamani. Hakuna aliyezifuta. Dokta hakufuta, mapokezi wakaniaga nazo, basi zima limesafiri nazo. Mtoto akaja mbio, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi hakuuliza kama nimekasirika. Aliuliza kama naye anaweza kuchorwa.

Mama watoto akanikalisha chini ya taa, akanifuta kwa kitambaa chenye maji, anacheka uso mzima, juu na chini. Nikadhani tumemaliza. Akasimama. Akainama karibu na shavu langu.

"Hii nywele ya sikioni unayo tangu lini?"

Nywele ya sikioni? Sina. Sijawahi kuwa nayo. Kichwani ninakozihitaji zinaondoka moja moja bila kuaga, na huku ambako hakuna aliyezialika zinafungua tawi? Nani anapanga mambo haya? Nikachukua kibanio na kioo cha bafuni, nikasogea mpaka pua ikagusa kioo, nikarudi nyuma, nikageuza shingo. Sikuiona. Nikakunja ndita, na hapo ikaonekana.