Mtu anaweza kujiibia?

"Mjomba, hivi mtu anaweza kujiibia?"

Mpwa wangu aliniuliza hivyo kabla hata hajavua viatu, jioni moja hapa kwangu Ngamiani. Anasoma shahada, yuko mwaka wa pili. Asubuhi darasani, mchana anahudumia wateja kwenye steshenari. Siku hiyo alikuwa amepewa sifuri. Mwaka wa kwanza, kwenye kozi ya Historia, aliandika kuhusu mkonge wa Tanga akapata alama nzuri. Mwaka huu mkufunzi wa Jiografia akataka asaimenti juu ya zao moja la biashara na mahali linapolimwa. Binti akaifungua ile ya zamani, akabadili jina la kozi na aya ya kwanza, akaiwasilisha. Programu ya chuo ya kukagua maandishi ikaikuta kazi ya mwaka jana imehifadhiwa humo humo. Mkufunzi akaandika maneno matatu: wizi wa kitaaluma.

Nimefundisha sekondari miaka mingi kabla ya kustaafu, na bado sikuweza kumjibu palepale. Nilimwambia aniachie siku mbili tatu.

Upande wake una nguvu kuliko walimu wengi tunavyokubali. Wizi unataka awepo mwenye mali, na mali itoke kwake bila ridhaa. Hapa mwenye mali ndiye aliyeitumia. Serikali ya Marekani ilipotoa mwaka 2000 tafsiri ya wizi wa kitaaluma kwa watafiti wanaotumia fedha zake, ilitaja kutwaa mawazo, njia, matokeo au maneno ya mtu mwingine bila kumpa haki yake. Mtu mwingine. Chama cha wanasaikolojia cha nchi hiyo hiyo, APA, ambacho mwongozo wake wa kuandika rejea unafuatwa na vyuo vingi hata kwetu, kinalo jina la kosa la mtu kujirudia; lakini hata humo kosa ni kuileta kazi ya zamani kana kwamba ni mpya. Hilo la "kana kwamba" ndilo nililolishika.

Sisi Tanga tunazijua kesi za kiwanja kimoja kuuzwa kwa watu wawili. Muuzaji hakukiiba. Kilikuwa chake, karatasi anazo, majirani wanamshuhudia. Kosa lake liko kwa mnunuzi wa pili, ambaye alitoa fedha akiamini kwamba anachonunua hakijauzwa. Ndivyo ninavyoiona asaimenti iliyowasilishwa mara mbili kimya kimya. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu, shahada ya miaka mitatu inadai krediti 360, na krediti moja inahesabiwa saa 10 za kujifunza, kuanzia darasani hadi kuketi na kuandika. Ni saa 3,600. Cheti kinamwambia anayekisoma kwamba saa hizo zilitumika. Kazi moja ikihesabiwa mara mbili, sehemu ya hizo saa haipo, na aliyekaa dawati la pili akaandika upya usiku kucha anapimwa kwa mizani moja na asiyeandika kitu.

Nilipomweleza, mpwa wangu alinijibu kwamba elimu si kiwanja. Ukishajua jambo unalijua, na wakufunzi wenyewe wanafundisha kwa notisi zile zile mwaka hadi mwaka. Hoja hii haipaswi kupuuzwa. Fundi mashua anajenga kwa vipimo vile vile tangu ujana wake na hakuna anayemlaumu, kwa sababu mteja anataka mashua inayoelea. Lakini kijana anayejifunza kwa fundi huyo, akiambiwa achonge kasia Jumatatu na jingine Ijumaa, kisha Ijumaa akaleta lile la Jumatatu, hajamwonyesha fundi wake kwamba mkono umeongezeka. Mkufunzi anayerudia notisi anaweza kuwa mvivu, na hilo lina lawama yake, ila yeye hapewi alama kwa kujifunza. Mwanafunzi anapewa.

Hata hivyo jambo lililonishawishi zaidi sikulipata kwenye kanuni. Nililipata kwenye karatasi yenyewe, ambayo nilimwomba niisome.

Ni kazi nzuri. Inaeleza jinsi Richard Hindorf, Mjerumani, alivyoagiza miche ya mkonge kutoka Florida mwaka 1893, ikapitia Hamburg, na miche 62 tu ikafika hai na kupandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto Pangani. Inaeleza manamba, yaani vibarua wa mkataba waliotoka mbali kuja kukata majani, na inaishia kwenye Azimio la Arusha la 1967 na mashamba kutaifishwa. Mwalimu wa Historia alikuwa na haki ya kufurahi. Lakini wa Jiografia aliuliza kwa nini hapa. Kwa nini zao hili lilikaa Tanga likastawi hata Tanganyika ikaongoza duniani? Humo hakuna neno juu ya udongo usiotuamisha maji, wala juu ya mmea unaovumilia ukame. Reli ya kutoka Tanga, ambayo ilianza kujengwa mwaka ule ule wa 1893, imetajwa mara moja tu, kama tarehe. Na jambo ambalo kila mtu aliyekulia kwenye kambi za wafanyakazi wa mkonge analijua halimo kabisa: jani bichi la mkonge ni zito, na nyuzi ndani yake hazizidi sana asilimia 4 ya uzito wake. Huwezi kulisafirisha mbali. Lazima korona, mashine ya kukamua jani na kutoa nyuzi, iwe katikati ya shamba, vireli vidogo viingie hadi kwenye mistari, ndipo marobota ya nyuzi yapelekwe bandarini. Ramani nzima ya mashamba imechorwa na uzito wa jani.

Kwa hiyo hakujiibia. Alijinyima. Alipewa nafasi ya kulitazama upya jambo alilokwisha kulijua nusu, akaiachia. Nilimwambia hivyo, na alinyamaza muda mrefu.

Chuo nacho sikiondolei mzigo. Kanuni inayokataza kurudia kazi imo katika kitabu cha Kiingereza alichokabidhiwa siku ya kusajiliwa pamoja na fomu za ada, na hakuna mkufunzi aliyewahi kuisoma darasani. Kumwita mwizi kwa kosa la kwanza la aina hii, akawekwa fungu moja na anayelipia kuandikiwa kazi nzima, ni hukumu iliyozidi kosa. Kinachofaa ni kidogo kuliko hapo, na hakikigharimu chuo kitu. Watafiti wanageuza tasnifu zao kuwa makala kila siku, na wanaandika wazi kwamba makala imetokana na tasnifu. Mwanafunzi naye aruhusiwe kuuliza: mwalimu, ninayo kazi ya mwaka jana juu ya jambo hili, naweza kuijengea? Mwalimu akikubali aseme anataka nini kipya. Akikataa, amekataa. Anayeogopa kuuliza kwa kawaida anajua kwa nini anaogopa.

Alimwandikia mkufunzi barua ya ukurasa mmoja, akakiri alichofanya na kuomba aandike tena. Alipewa wiki moja, na alama isiyozidi ya kufaulu. Jumamosi alikwenda kwa mzee mmoja jirani yetu, aliyewahi kuwa mkata mkonge upande wa Muheza, akarudi na kurasa sita za daftari kuhusu vireli na korona. Kutoka kazi ya zamani alibakiza aya moja, ile ya miche 62, na chini yake akaandika: "Imetoka katika kazi yangu ya Historia, mwaka wa kwanza."